Nyama ya Kasa na Maneno ya Redioni

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo nacheka. Nilikuwa kijana wa sayansi ya bahari, nimetoka chuo juzi tu, naona Kiswahili cha nyumbani ni kidogo kwa elimu yangu. Usinicheke, maana na wewe kesho unaingia studio na karatasi nne.

Tulikuwa Kilindoni, mjini kisiwani kwetu, wataalamu wachache tukifundishwa kuzungumza redioni. Mwalimu wetu alikuwa Bi Zuhura, mtangazaji mstaafu, mcheshi, lakini kwenye kazi hana masihara. Katikati ya somo ikaja habari: katika kijiji kimoja upande wa Kirongwe watu wamekula nyama ya kasa na wanaumwa. Nawe unajua desturi yetu, kitoweo kama kile hakiliwi na nyumba moja, bakuli hupita mlango kwa mlango. Kijijini hapo ndipo alipokaa shangazi yangu Mwanahawa, aliyenilea. Nikampigia, simu haipatikani.

Redio ya pale mjini ikatupa nafasi papo hapo. Nikaandika haraka haraka, nikamsomea Bi Zuhura. Nilianza na jina la kitaalamu la kasa, nikafuatisha sheria inayokataza kumvua, kisha maelezo marefu ya sumu. Neno "msile" lilikuwa chini kabisa.

Bi Zuhura akavua miwani. "Bwana mdogo, hapo unasema na nani?"

"Na wananchi, Bibi."

"Nani? Mtaje."

Aliyenijia kichwani ni shangazi tu, nikamtaja.

"Basi sema naye. Na hiyo sheria ukiitanguliza, watu watafunga milango na wagonjwa wao ndani. Nani atampeleka mtoto hospitali akidhani anakwenda kukamatwa?"

Alinikaripia, lakini mkono wake ulikuwa begani kwangu. Nilimpenda tangu siku ile. Nikaiacha karatasi mezani, nikaingia studio.

"Shangazi Mwanahawa, shikamoo," nikasema. "Kama una nyama ya kasa, usiile, usimpe mtu, hata paka. Kuipika sana hakuondoi sumu. Ifukieni. Aliyekwisha kula aende hospitali sasa hivi, hata kama hajaumwa. Mama aliyekula asinyonyeshe mpaka aonane na daktari. Mimi si askari, jamani. Nawataka mkiwa hai."

Kabla ya magharibi magari yakaanza kufika hospitali, watu wamejaa nyuma, na hakuna aliyeficha alichokula. Shangazi naye akashuka, kambeba mjukuu wa jirani anayetapika. Yeye hakuonja, chungu kilikuwa jikoni aliponisikia. Kuniona tu, akaanza kunigombeza.

"Unanitaja redioni dunia nzima isikie! Hata kujitanda sijajitanda!"

Nikamkumbatia, nikalia mbele za watu. Yule mtoto alipona, alhamdulillahi.

Basi kesho, mwanangu, kabla hujafungua mdomo, mchague mtu mmoja unayempenda, anayekusikiliza akiwa jikoni kwake. Mwambie kwanza la kufanya, sababu zifuate. Usilolijua, sema hujui, wala hatakudharau. Na usimtishe ukamfungia mlango wa kuja kwako. Mola akukunjulie kifua, akuwepesishie ulimi, na kila atakayekusikia alale salama na wanawe. Amin.