Mkaguzi wa fuawe aliyerudi kufuta hukumu yake

Saa mbili na robo asubuhi, Fundi Sikio amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, shavu lake likikaribia kugusa chuma. Mkono wa kushoto umesimamisha rula. Wa kulia umeshika gololi iliyotolewa kwenye beringi ya lori. Anaiachia.

Tak! Gololi inadunda juu ya uso wa fuawe, lile pande la chuma la kufulia, inapanda, anaidaka hewani. Macho yake hayajatoka kwenye rula.

"Ishirini na moja," anasema. Ameiachia kutoka sentimita ishirini na tano.

Nyuma yake wamesimama mjane wa mhunzi aliyeanzisha karakana hii, na binti yake wa miaka ishirini na sita anayeiendesha sasa. Saa nne mnunuzi wa vyuma chakavu atafika na mkokoteni kuichukua fuawe hii, kilo tisini na mbili, ikayeyushwe. Na aliyeyaleta yote hayo ni huyuhuyu aliyepiga magoti.

Alhamisi iliyopita aliitwa kuikagua. Aligonga mara tatu kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Badala ya mlio mwembamba unaotembea alisikia "du", kama mtu anayegonga gogo. Akatikisa kichwa, akamwambia mjane kwamba fuawe imepasuka tumboni, haifai kunyooshea hata msumari.

Katika mtaa huu wa wafua vyuma, neno lake halijadiliwi. Ana miaka sitini na mitatu. Alifua kwa miaka thelathini na mmoja mpaka bega la kulia lilipomgomea, na tangu hapo kazi yake ni kukagua fuawe kuukuu kwa wanaouza na wanaonunua. Kwa mwezi hupata kazi tatu, nne ukiwa mwezi wa heri, na ujira wa kazi moja humtosha chakula cha wiki.

"Watu wanadhani thamani ya fuawe ni uzito," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Kama ni uzito, si wanunue jiwe!"

Thamani, anaeleza, iko kwenye uso. Uso mgumu huirudisha nyundo juu wenyewe, mkono ukapata nafuu. Uso uliolainika humeza pigo, na kila pigo mhunzi huinua nyundo kwa nguvu zake.

"Bega langu liliuawa na fuawe laini niliyoinunua kwa pupa. Miaka kumi na moja nilidhani naipiga, kumbe yenyewe ndiyo inanipiga mimi."

Kilichomrudisha hapa leo, Jumatatu, bila kuitwa, ni mkewe. Mama huyo ni mshona nguo, na jana alikuwa anapekua mifuko ya suruali ambayo mumewe hakuivaa Alhamisi, kabla ya kuiloweka. Akaikuta gololi.

"Baba, Alhamisi ulikagua kwa kitu gani?" akauliza.

"Kwa sikio."

"Sikio hilihili lililoacha birika likaungua jikoni na wewe umekaa pembeni yake?"

Fundi Sikio anacheka anapolisimulia hilo. Jana hakucheka. "Hakunitukana. Angenitukana, ningelala."

Sasa anaendelea kudondosha gololi, na kila mahali anaandika tarakimu kwa chaki. Katikati, ishirini na moja. Karibu na pembe, ile ncha iliyochongoka mbele, ishirini. Kwenye ukingo wa nyuma, penye kibanzi kilichoruka, kumi na nane. Jasho linamtoka ingawa tanuru halijawashwa.

"Iliyopasuka haidundishi hivi," anasema. "Hii ni nzima. Sasa mbona bubu?"

Anainua macho, anaitazama fuawe yote kwa mara ya kwanza. Kuanzia kiunoni hadi chini ya gogo inalokalia imevishwa turubai kuukuu kama sketi, na kwenye turubai kuna ndoano za kutundikia koleo. Alhamisi hakuigusa. Aliona si adabu kuvua kitu cha marehemu mbele ya mjane wake, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

"Shemeji, humu ndani kuna nini?"

"Mnyororo," mjane anajibu, kama aliyeulizwa chumvi iko wapi.

"Mnyororo wa nini tena?"

"Si mama mkwe alipokuwa mgonjwa chumba cha pili! Kila pigo lilikuwa linamshtua. Nikamwambia marehemu, hebu inyamazishe hiyo kitu yako. Akaizungushia mnyororo, akaukaza, akaufunika. Mama akatutoka, mnyororo ukabaki."

"Na Alhamisi mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, shemeji. Ulisema imepasuka. Mimi nani nibishane na Sikio?"

Binti anasema mama mkwe huyo, yaani bibi yake, aliugua wakati yeye yuko mji mwingine akijifunza kuchomelea. "Niliporudi niliikuta kimya. Nikajua ndivyo ilivyo, kama baba, haina maneno mengi."

Wanakata waya ulioshikilia turubai, wanaivua, wanafungua mnyororo mzunguko mmoja baada ya mwingine. Ni mitano. Fundi Sikio anamulika kiuno kwa tochi, anapitisha ukucha taratibu pale ambapo ufa hupenda kujificha. Hakuna ufa. Hapo anamkabidhi binti ile nyundo ndogo.

"Piga wewe. Mimi nimeshajiaibisha vya kutosha."

Binti anapiga. Mlio unajaa karakana, unatoka mlangoni, unamfanya muuza vioo wa jirani achungulie akidhani kuna bidhaa yake imevunjika. Mjane anaziba mdomo kwa kiganja. Binti anakaa juu ya gunia la mkaa na kulia kwa kwikwi, na hakuna anayemnyamazisha.

Ndipo anapolitoa lililokuwa likimla. Majuma mawili yaliyopita alipiga nondo baridi kwa nyundo kubwa, akakosea, akaupata ukingo. Kipande kama ukucha kikaruka.

"Nilipoambiwa imepasuka nikajua ni mimi. Baba kaitumia miaka ishirini na minane. Mimi miezi saba tu nimeshaiua! Sikuweza kumwambia mama."

"Kumbe ndiyo maana chakula kilikuwa hakishuki," mama yake anasema.

Fundi Sikio anapitisha kidole gumba kwenye alama ya kibanzi. "Hiki? Piga tupa kona iwe mviringo, endelea na kazi. Fuawe isiyo na kovu ilikuwa pambo, mwanangu. Huna kosa. Kosa ni langu mimi baba yako mdogo, niliyekuja kazini bila kifaa."

Saa nne kasoro, mnunuzi wa vyuma chakavu anaingia na mzani wake begani. Anaelezwa.

"Lakini mliniambia imekufa!"

"Imefufuka," anajibu mjane.

"Basi nipeni hata huo mnyororo, nisirudi mikono mitupu."

Mnyororo unapimwa: kilo nne na nusu. Anaondoka nao akinung'unika, na watatu hao wanacheka mpaka wanashikilia ukuta.

Kazi haijaisha. Fundi Sikio anaweka rula juu ya uso na kumulika chini yake. Katikati pamebonyea milimita mbili. "Huo si ulemavu, ni umri." Ncha ya pembe imelika kidogo. Anaandika kwenye karatasi, anasoma kwa sauti: fuawe nzima, daraja la kwanza, thamani yake mara tisa ya bei ya chakavu.

"Hatuuzi," mjane anamkatiza.

"Najua. Nataka tu mjue mnachokataa kukiuza."

Ujira anaukataa, na wa Alhamisi anaurudisha. Binti anawasha tanuru. Ana oda ya bawaba arobaini aliyokuwa amekwisha kuiombea radhi. Leo atamtafuta mteja amwambie ngoma bado ipo.

Mkaguzi naye ana lake. Tangu mwaka uanze ameshahukumu fuawe nyingine tatu kwa sikio peke yake, na sasa anataka kuzirudia zote akiwa na gololi, rula na mkewe, ambaye amejiteua mwenyewe kuwa msimamizi. Moja anajua imekwisha kuyeyushwa. Kwa hiyo ataenda tu kusema ukweli, yatakayomkuta yamkute.

"Ya pili iko kwa fundi mageti, anaitumia kuzuilia mlango," anasema, akifuta chaki mikononi. "Kesho nikiikuta nzima, nikamwambia atafute kitu kingine cha kuzuilia mlango, atanicheka mwezi mzima. Na acheke! Mradi acheke akiwa anafulia juu yake."