Mafuta ya Kijana wa Miaka Thelathini na Tano

Jambo hili nimelimeza miaka mingi, na hata sasa nikilisimulia nahisi masikio yanapata moto, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Ushetu, maana kule kila mwaka wanaliongezea chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo pale Bugarama. Nilikuwa mgane wa miaka arobaini na saba, nikamposa Kabula, binti wa Mzee Ngasa, mkulima wa tumbaku huko Ushetu. Umri wangu sikuwa nimeutaja (na nywele nilikuwa nazipaka rangi, mnisamehe). Kabla hatujafika kwenye mahari ngiri ikanibana, na aliyenipeleka hospitali ni huyo huyo Mzee Ngasa, akaandikisha kwake kuwa ndiko ninakopatikana, akaketi pembeni ya kitanda kama mzazi wangu.

Asubuhi ya upasuaji akaja daktari mmoja mwanamke, Mhindi mpole, akasema anafanya utafiti, na kama nakubali, wakati wa kupasuliwa atachukua kipande cha mafuta ya chini ya ngozi, kama punje ya harage.

"Ndani ya mafuta kuna chembe changa ambazo bado hazijakomaa," akanieleza. "Tunazikuza kwenye chupa. Tunadhani za kijana huongezeka upesi kuliko za mtu mzima, lakini hatuna hakika. Una miaka mingapi?"

Mzee Ngasa akageuza shingo kunisikiliza.

"Thelathini na tano," nikasema. Neno dogo tu, nikapelekwa kupasuliwa.

Nilipopona nikarudi Bugarama, nikamsimulia rafiki yangu Mhoja, mchimbaji, mtu wa kunusa hila hata kwenye salamu. Akanitazama kwa huruma.

"Ng'wanawane, ndugu yangu, alikuuliza umri? Mtu huuliza umri wa mbuzi akitaka kumchinja. Mafuta ya kijana ndiyo yanatafutwa. Hiyo punje walikuwa wanaonja. Watarudi kuchukua mengine."

Nikacheka, lakini usiku ule sikulala. Kila gari jeupe lililopita nililikazia macho, kovu langu nikawa nalichungulia mara kwa mara kuona kama limepungua nyama, na hata muuza maji aliponiambia "siku hizi umenenepa" nikahama njia yake.

Siku ya kuzungumza mahari ikafika. Tumeketi uani kwa Mzee Ngasa, wajomba wa Kabula wako pale, majirani wamejaa, mara likaja gari la hospitali, na aliyeshuka ni yule daktari na faili lake. Nikasikia anauliza, "Yuko wapi yule kijana wa mafuta?" (Mwenyewe anakana mpaka leo kwamba alisema hivyo. Labda ni masikio yangu.) Nikainuka kama naenda haja, nikazunguka nyumba, nikajitosa ndani ya bani, kile kijumba cha udongo cha kukaushia tumbaku, nikajibana chini ya majani yaliyoning'inizwa. Ukali wa tumbaku hauna heshima, jamani. Nilipiga chafya tisa, za nguvu, mlango ukafunguliwa, na uani pote pakahamia pale.

Daktari akasogea. Mkononi alikuwa na kalamu, mimi nikaiona kisu, na akili ikaniambia kitu kimoja tu kitaniokoa.

"Mafuta yangu hayafai," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mimi si kijana. Nina arobaini na saba. Tafuteni vijana."

Daktari akaandika, tena kwa utulivu.

"Ndicho nilichokuja kuuliza," akasema. "Chembe zako zilikuwa zinakua polepole kuliko za wenzako niliowaandika vijana. Huenda ni maumbile yako tu, lakini nilihofia umri umeandikwa vibaya, na kosa moja lingenipotosha. Asante." Akapanda gari, akaondoka.

Mzee Ngasa alikuwa anahesabu kichwani, nilimwona midomo inacheza. Yeye alikuwa na arobaini na nne.

"Kumbe," akasema taratibu, "miezi yote hii wewe ndiye unaniamkia mimi." Akainamisha kichwa. "Shikamoo."

Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikaitikia. Nilisema, "Marahaba."

Wajomba walicheka hadi kushikana mabega. Kabula hakucheka. Alinitoa jani la tumbaku kichwani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umri ulinificha. Na kingine?"

Sikuwa na kingine, naapa, lakini nilivyokuwa nikimtazama yule daktari ndivyo Kabula alivyokuwa akinitazama mimi, na macho ya namna ile hayashindwi kwa maneno. Posa ikafia palepale. Tangu siku hiyo rangi ya nywele niliitupa, na mtu akiniuliza miaka yangu namjibu kabla hajamaliza swali, nikiwa na wasiwasi naongeza mmoja.