Wastani Uliolingana

Wanafunzi walimpa mhadhiri wao jina la Wastani, maana hamalizi kipindi cha takwimu bila kulitaja neno hilo. Ndiye aliyekishawishi kitivo kizima kitupe madaftari ya alama na kuingiza kila kitu kwenye mfumo wa kompyuta. Aliyenung'unika aliambiwa amepitwa na wakati.

Jumatatu hiyo, kikao cha kupitisha matokeo kikiwa kimebakiza nusu saa kianze, simu yake ikaingia ujumbe.

"Shikamoo mwalimu. Kwenye matokeo ya awali nimeona sabini na nne za takwimu. Lakini mimi sikufanya mtihani, siku ile nilikuwa wodini najifungua."

Wastani alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akatoa bunda la karatasi za mtihani kabatini, akafungua orodha. Karatasi ya kwanza ina themanini na moja. Orodha inasema ishirini na tisa. Ya pili, hivyohivyo. Hapo akaikumbuka Jumamosi, binti yake wa mwisho kamkalia mapajani, yeye akipanga majina kwa alfabeti kwa mkono mmoja. Majina yalihama, alama zikabaki palepale. Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja kabeba za mwenzake.

Tena siku ile alihakiki. Wastani wa karatasi na wa orodha ulilingana hadi nukta, na ungeachaje kulingana, alama zikiwa zilezile? Kweli mganga hajigangi.

Angeweza kunyamaza. Lakini kikao kikishagonga muhuri, waliofeli wanafutiwa masomo, na walikuwa thelathini na mmoja. Aliogopa, na aibu ilimzidi woga.

Alipousukuma mlango wa ukumbi, mkuu wa kitivo alikuwa ameshaanza kuwasoma wanaofutwa. Amefika jina la tisa.

"Samahani mama, naomba usiendelee," alisema, akihema. "Alama zangu zote zimevurugika."

Mzee wa idara ya historia, aliyeyalilia sana madaftari yale, akamtazama juu ya miwani. "Mfumo umekosea, mwanangu?"

Jibu rahisi hilo, limewekwa mezani kama chai. Watu wote wangelinywa.

"Hapana, mzee. Nimekosea mimi."

Mkuu akaweka kalamu chini.

"Umegunduaje?"

"Mwanafunzi kaniandikia. Alipewa sabini na nne, na mtihani hakufanya."

"Basi orodha yako narudisha, uingize upya karatasi kwa karatasi, leo hii, na mtu akikuangalia." Akafunga jalada. "Na huyo aliyekuandikia, tukishasahihisha atabaki na ngapi?"

Njiani Wastani alijiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Hatabaki na kitu," alisema. "Na alilijua hilo alipoandika."