Kicheche Aliyehudhuria Komunyo Yangu

Enzi zetu pale Kanombe, mtoto hakuwa na haja ya saa. Tarumbeta ikilia kwenye kambi ya jeshi, umeamka. Mama akigonga kopo la uji, umekula. Baba akirudi na panga lake limefungwa kwenye gunia, siku imekwisha. Wenzangu wa rika langu mtanisaidia kukumbuka mengine: bomba la mtaa lililotoa maji alfajiri tu, jerikani za njano tulizozipanga ili zitushikie foleni, maparachichi tuliyoyafukia kwenye majani makavu mpaka yalainike, na mpira wa majani ya mgomba uliofumuka kila tulipokaribia kufunga goli. Vita ilikuwa kaskazini. Watu wazima waliisikiliza redioni wakiwa wamepunguza sauti, sisi tukaambiwa tukacheze nje, na kweli tulicheza.

Lakini leo nataka kusimulia habari za kicheche. Binti yangu, ambaye mende akipita chini yeye yuko juu ya kiti, aliniuliza majuzi kama kicheche ni mnyama wa katuni. Nikasema ngoja niandike, maana kizazi hiki kinajua wanyama wote wa kwenye simu na hakijui hata mmoja wa nyuma ya jiko.

Baba alikuwa mfyekaji wa nyasi pembeni mwa njia za ndege, kwenye uwanja uliopakana na mtaa wetu. Kila walipofyeka kule, wenye makao kwenye nyasi walihamia kwetu: panya, nyoka, na mwaka ule wa tisini na mbili, kicheche. Alichimba shimo chini ya rundo la vigae vya zamani nyuma ya jiko letu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilimwona kabla ya wote, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa maji alfajiri, saa ambayo yeye alikuwa akirudi kutoka kwenye mawindo yake. Alikuwa mdogo, hamshindi paka aliyekonda. Mweusi tii, na mistari minne myeupe kutoka kichwani mpaka kwenye mkia wa manyoya marefu. Alitembea peke yake siku zote, pua chini, akienda huku na kule kama mtu aliyedondosha sindano. Akisikia kitu ardhini alisimama, akachimba kwa makucha yake marefu ya mbele, akatoa buu nono na kulitafuna kwa sauti. Panya hakumkimbiza mbali. Alimngojea mlangoni mwake, akamrukia shingoni, mambo yakaisha.

Bibi yetu mzaa mama, tuliyemwita Nyogokuru, alikuwa mtu wa Buyenzi, kule Bujumbura, na ndiye aliyetuletea Kiswahili nyumbani. Nilimweleza siri yangu, naye hakushangaa.

"Huyo iko mama," alisema. "Watoto yake iko ndani, bado hawaone. Ukimkuta, usimsogelee. Kwanza atavimba manyoya. Halafu atainua mkia na kunguruma. Akikugeuzia mgongo, mwanangu, usingoje hata kusema Amina."

Jambo moja Nyogokuru hakunifundisha, nililiona mwenyewe. Asubuhi moja mbwa wetu Bobi alimbana kicheche ukutani. Kicheche hakukimbia wala hakupigana. Alianguka ubavu, mdomo wazi, miguu imekakamaa, maiti kabisa. Bobi akamnusa, akamsukuma kwa pua, akachoka, akaondoka. Maiti ikainuka, ikajikung'uta vumbi, ikaenda zake. Nilicheka mpaka nikamwaga maji, na nikachapwa kwa ajili ya maji yale.

Sasa sikilizeni ugomvi ulivyoanza. Mama alikuwa na vifaranga, vikaanza kupungua. Jirani yetu ng'ambo ya ua wa minyaa alikuwa Silivani, dereva wa lori, na paka wao aliitwa Minu. Baba, bila kuuliza wala kuchunguza, alimshuku Minu na kumtupia jiwe. Minu akarudi kwao anachechemea. Silivani akaja uani akasema maneno, baba naye akajibu maneno, na tangu siku ile nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana moto hazikusalimiana tena. Silivani alimkataza mkewe Konsolata asikanyage kwetu.

Na Konsolata alikuwa mama yangu wa ubatizo. Komunyo yangu ya kwanza ilikuwa ikikaribia. Parokiani kwetu kila mtoto alisindikizwa mpaka altareni na mzazi wake wa ubatizo, mkono begani. Asiye na wa kumsindikiza alikwenda bega tupu mwisho wa mstari, watu wote wakimtazama na kuulizana kulikoni. Nilikuwa silali vizuri. Gauni lilikuwa tayari, jeupe, limeshonwa Gisimenti na fundi mwenye mikono ya dhahabu, lakini mkono wa begani sikuwa nao.

Jumamosi, siku moja kabla, tulikwenda kuungama. Niliungama yote, hata sukari. Niliporudi nyumbani nikiwa safi kama sahani, nilimkuta kaka yangu uani ameshika kicheche kwa mkia, Bobi akibweka pembeni. Alikuwa amemfukua kwenye vigae. Pembeni mwa shimo palikuwa na manyoya ya vifaranga.

Baba alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Mwizi amepatikana, tena amekufa, na Minu hana hatia. Kwetu mtu akikosa haombi radhi kwa mdomo mkavu. Unamwita uliyemkosea, unaweka chungu cha pombe ya ndizi katikati, na akivuta kwa mrija ule ule uliovuta wewe, yamekwisha. Baba akamtia kicheche kwenye kikapu chenye kifuniko, akakiweka sebuleni kama ushahidi, akatuma mtu kwa Silivani. Gauni langu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari juu ya kikapu hicho, ili wageni walione.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu tangu siku ile. Kaka alipokuwa akimtia kikapuni, niliona tumbo la kicheche likipanda na kushuka. Nilijua anaigiza. Nikanyamaza. Ningesema, baba angemmaliza kwa panga, na wale wasioona shimoni wangekufa njaa. Nikajiambia: Silivani ataona maiti, atakunywa, kikapu kitatolewa nje, maiti itajiendea. Hesabu yangu ilikuwa nzuri sana kwa mtu aliyetoka kuungama muda mfupi tu uliopita.

Silivani alikuja. Alikaa ukingoni mwa benchi, hajavua kofia. Konsolata alisimama nje ya kizingiti, maana hakuwa amepewa ruhusa ya kuingia.

"Silivani," baba alisema, "paka yako nilimuonea. Mwizi iko hapa. Unisamehe, kunywa."

"Nitakunywa," Silivani akajibu, mikono kwapani. "Lakini kwanza nimuone na macho yangu. Hata polisi wanaonesha mwizi."

Baba akafunua kifuniko. Kicheche alikuwa amesimama. Manyoya yamevimba hadi amekuwa mara mbili, mkia juu kama ufagio, sauti inamtoka kifuani.

"Anageuka huyo," Nyogokuru akasema kutoka kwenye pembe yake, bila haraka. "Tokeni."

Hakuna aliyetoka. Wanaume wawili wazima walikuwa bado wanashangaa jinsi maiti inavyosimama. Kicheche akawageuzia mgongo, akarusha maji yake ya kunuka. Harufu ile siwezi kuieleza kwa anayejua vyoo vya kuvuta maji tu. Fikiria mpira unaochomwa, vitunguu saumu vilivyooza na yai viza, vyote vimekuingia puani kwa pamoja na kukaa. Silivani alipata ya koti, baba alipata ya suruali. Gauni langu likapata ya shibe. Na Konsolata, wakati watu wote wanakimbilia nje, yeye alikimbilia ndani. Aliruka kizingiti alichokatazwa, akalinyakua gauni kutoka msumarini, na sehemu ya mwisho ikamlowesha mikono yote miwili. Kicheche akapita katikati ya miguu yao, akatoka kwa mlango wa mbele kama mgeni aliyeaga.

Uani tulikohoa, tukatema mate, macho yakitiririka. Bobi alijisugua kwenye udongo akilia. Kisha nikasikia Silivani anacheka. Alicheka ameshika magoti.

"Sasa hata nikikataa kukusamehe," alimwambia baba, "nitaenda wapi? Nani atanipokea na harufu hii? Lete huo mrija."

Wakanywa pale pale uani, chungu katikati, wote wawili wananuka. Mimi nililia, sijui kwa gauni au kwa furaha, nadhani kwa vyote.

Mama na Konsolata walifua gauni kwa sabuni ya mche, wakafua kwa ndimu, wakafua kwa majivu. Harufu haikwenda popote. Ndipo Nyogokuru akaagiza jiko la makaa na zile nyasi za kunukia ambazo wanawake wa zamani walifukizia vyombo vya maziwa. Akageuza tenga juu ya moshi, akalitandaza gauni, na Konsolata akakaa hapo akiligeuza mpaka giza lilipoingia, wala mumewe hakumwita. Jumapili gauni lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochemka, na harufu ya zizi, moshi na, kwa mbali, kicheche.

Kanisani tulipata benchi zima. Familia mbili zilikaa pamoja kwa nafasi, maana aliyekuja kukaa karibu nasi alikumbuka haraka kwamba ana ndugu upande wa pili. Zamu yangu ilipofika, mkono wa Konsolata ulikuwa begani kwangu, na ulinuka kuliko gauni. Padri alitufikia, akasita, akavuta pumzi kupitia mdomo, akaendelea. Nilitembea kurudi kwenye benchi letu nimeinua kichwa. Sijawahi tena kujivuna vile, hata siku ya arusi yangu.

Wiki ile kicheche alihama. Nilimwona alfajiri amembeba mwanawe kwa ngozi ya shingo, akivuka njia kuelekea nyasi ndefu za uwanja wa ndege, akarudi kumchukua wa pili. Nikaweka jerikani chini nikasimama mpaka akamaliza. Mwezi haukwisha, panya wakafanya sherehe ghalani. Walikula maharage, wakala na mkanda wa baba. Mama akasema afadhali vifaranga.

Baba aliuliza kila mtu mara nyingi: "Hakuna aliyeona kama anapumua?" Nami nilikuwa nikijibu haraka kuliko wote kwamba hakuna.

Yaliyokuja miaka miwili baadaye, mwaka wa tisini na nne, mnayajua, na sitaki kuyaweka kwenye ukurasa mmoja na kicheche. Niseme tu kwamba kwa tuliokaa kwenye benchi lile, tumebaki wawili, mimi na Konsolata. Ndiyo maana naishika siku ile kwa mikono miwili, kwa sababu ilikuwa nzuri na ilikuwa yetu sote.

Siku hizi naishi Batsinda. Nyumba ni safi, maji yanatoka ndani, watoto wanaoga manukato kabla ya kwenda dukani kununua mkate. Jirani ukigombana naye unamfungia namba, hakuna chungu, hakuna mrija. Jioni moja mwezi uliopita, harufu ile ilipanda kutoka bondeni. Niliijua kabla sijamaliza kuivuta. Kwenye kundi la simu la mtaa watu wakaanza kulaumiana kuhusu shimo la choo, na binti yangu akaja mbio kufunga dirisha.

Nilimwambia aache. Nikampigia Konsolata, ambaye sasa anaishi na mjukuu wake na macho yake hayaoni vizuri. Nikamwambia, "Mama, kicheche anapita hapa kwetu." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema kweli, nikamweleza na lile la tumbo lililopanda na kushuka.

Kisha akaniambia, "Fungua dirisha lote, mwanangu. Sogeza na simu hapo, na mimi niisikie."