Bi Hajira na Meza ya Malipo

Nimeuza batiki kwenye maonyesho mengi na nimekutana na wakorofi wa kila namna, lakini mkorofi ninayempenda ni mmoja tu: Bi Hajira binti Mwinyimadi, msuka mikeka wa Kibuta, kule Kisarawe. Umri wake ni sitini na kitu, mwembamba, na ukimtania kwamba meno yamekwisha anakujibu kwamba mikeka haisukwi kwa meno.

Mwaka jana tulikutana Maili Moja, Kibaha, kwenye maonyesho ya siku tatu ya kazi za mikono. Mimi natoka Tangini, hapo hapo mjini, nilifika bila hata kutoka jasho. Yeye alikuwa ameondoka kwao alfajiri na mikeka minane, kawa kumi na tano za kufunikia chakula, na mfuko wa kitambaa uliomvuta bega upande mmoja.

"Umebeba mawe, Bi Hajira?" nikamuuliza.

Ilikuwa chenji. Wiki nzima alikuwa akipita kwa wauza maandazi na wauza maji wa kijijini kwao, anawapa noti ya elfu kumi, wao wanamrudishia sarafu za mia mbili, za mia tano, na noti za buku buku.

"Mtu akishaupenda mkeka, mwanangu, usimpe nafasi ya kwenda kutafuta chenji," akaniambia. "Akienda, harudi."

Ana utaratibu wake wa kupokea hela. Noti ya mteja haiingii mfukoni kwanza. Anailaza juu ya mkeka, anaikandamiza kwa goti, kisha anahesabu chenji kwa sauti kwenye kiganja cha mteja. Mteja akikubali kwamba imetimia, ndipo noti inafungwa kwenye pindo la kanga. Mjanja wa kusema "nilikupa elfu kumi" wakati alitoa elfu tano hampati, maana elfu tano yenyewe bado iko pale inatazamwa na watu wote.

Basi asubuhi ile, kabla hatujauza chochote, mwenyekiti wa kamati ya maandalizi akashika kipaza sauti. Jina lake Halidi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, kalamu mbili mfukoni. Akatangaza kwamba mwaka huu hakuna muuzaji kushika hela. Mnunuzi atapewa kikaratasi chenye bei, ataenda kulipa kwenye meza ya malipo langoni, kisha atarudi na risiti kuchukua mzigo wake. Sisi tutalipwa Jumapili jioni, asilimia kumi ikiwa imeshakatwa.

"Akina mama wa vijijini mnatupotezea wateja," akasema. "Chenji zinawashinda."

Tulikuwa mabanda ishirini. Tulinyamaza. Sitafuti kisingizio: mimi Mwamini, mwenye mdomo mrefu nyumbani kwangu, nilinyamaza kwa woga wa kunyang'anywa banda.

Bi Hajira akasimama.

"Mwenyekiti, mkono wangu una ugonjwa gani?"

"Si hivyo, mama. Ni utaratibu tu."

"Utaratibu huo naujua. Nimeishi nao miaka ishirini na sita."

Wengine hawakuelewa, mimi nilielewa. Marehemu mumewe, Mzee Shabani, ndiye aliyekuwa akipeleka mikeka yake Dar. Alirudi na sukari, mafuta ya taa, na kila Idi doti ya kanga. Bei hakuitaja, na yeye hakuuliza. Mzee alipofariki, Bi Hajira akabeba mkeka mmoja mwenyewe mpaka Maili Moja, na mpita njia akampa elfu thelathini bila hata kubishana. Aliniambia alirudi nyumbani akakaa na ile hela mkononi mpaka adhana ya magharibi, akilia. Hakulilia umaskini. Alilia hasira. Tangu siku hiyo aliapa kwamba mkeka wake hautalipiwa tena kwenye mkono wa mtu mwingine.

"Asiyekubali atoke bandani," Halidi akasema.

Akatoka. Akatandika mikeka yake nje ya uzio, karibu na lango, juani. Nilimhurumia, na nikamkasirikia pia. Mikeka minane ni kazi ya miezi mitano, na nani ataacha mabanda mazuri ya ndani akanunue kwa bibi aliyekaa kwenye vumbi?

Ilipofika saa sita, langoni kulikuwa na foleni ndefu. Kila mnunuzi alikuja na wekundu wa elfu kumi, na meza haikuwa na chenji hata ya elfu mbili. Waliotaka kulipa kwa simu, mtandao ukawa unawazungusha. Mama mmoja aliyechagua vitambaa vyangu viwili alirudi, akanirudishia kikaratasi, akaniambia amechoka kusimama. Nilimwangalia akitoka. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Hajira, akanunua mkeka, akarudishiwa elfu tano yake palepale.

Hapo ndipo Halidi alipotoka nje na bunda mkononi.

"Shikamoo, mama. Tunaomba utuchenjie laki mbili."

"Marahaba. Meza siichenjii," akasema Bi Hajira, hata kichwa hakuinua. "Waliosuka na waliotia rangi nitawachenjia. Wewe uwalipe hela zao sasa hivi, waniletee wenyewe."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. Nikasikia miguu yangu inatembea kabla sijaamua. Nikaweka mbele ya Halidi risiti za wateja wangu waliokwisha kulipa: elfu thelathini na sita. Nyuma yangu wakaja wengine, wawili, halafu banda zima la wafinyanzi. Akaangalia ile foleni yake, akanipa noti nne za elfu kumi.

Bi Hajira akazikandamiza kwa goti. Akanihesabia elfu thelathini na sita kiganjani, moja moja, kwa sauti. Elfu nne iliyobaki akamnyooshea mwenyekiti.

"Na asilimia kumi yetu?" Halidi akauliza.

"Umesuka nini?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimezibana hela zangu kifuani.

Halidi akachomoa kalamu.

"Sawa, mama. Maonyesho yajayo jina lako nalifuta."

"Liangalie vizuri kabla hujalifuta," akamwambia. "Hajira binti Mwinyimadi, wa Kibuta. Usije ukamfuta mtu asiye na kosa."

Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa ameshika kawa.