Safu Tupu Niliyoifuta

Watu kumi na tisa walizimia. Mimi nikawafuta wote kwa mstari mmoja wa programu, tena huku natafuna andazi.

Naitwa Dwight Pruitt. Hapa Durham, North Carolina, naandika programu za kuchambua majibu ya wagonjwa wanaojaribiwa dawa mpya. Safari hii ilikuwa dawa ya presha.

Kwetu kuna sheria: ripoti moja huandikwa na watu wawili, kila mtu kivyake, bila kuchunguliana. Majibu yakilingana, inapita.

Mwenzangu alikuwa Lorna Whisenant, mama mtu mzima. Alikuwa amechelewa kumaliza sehemu yake, na mimi nataka kuwahi likizo. Nikamtumia programu yangu.

"Dada, nakili tu, tusipotezeane muda."

Kabla ya kukabidhi, huwa tunatafuta safu za jedwali zisizo na jibu hata moja, tunazitoa. Lorna akanigeukia.

"Dwight, safu ya kuzimia ni tupu kabisa. Wagonjwa mia nne, hata 'hapana' moja haipo?"

"Basi hospitali hazikuuliza. Futa."

"Si tuwapigie simu?"

"Dada Lorna, usinichoshe bwana! Futa."

Akafuta, nami nikafuta kwenye yangu. Majibu yetu yakalingana. Yangekosaje?

Ripoti ikaenda bila neno kuzimia, na dozi ikaongezwa.

Wiki tatu baadaye nesi mmoja wa Ohio akapiga simu, anafoka.

"Mgonjwa wangu, mzee wa watu, ameanguka ngazini, nyonga imevunjika! Alishazimia mara mbili, nikaandika kwa mkono wangu huu. Nani kamwongezea dozi?"

Nikafungua faili la majibu lililotoka hospitalini. Wote kumi na tisa waliozimia walikuwemo. Kwenye faili langu namba za wagonjwa zilianza na sifuri, kwenye lao hazikuanza. Nilipoyaunganisha, hakuna namba iliyokutana na mwenzake, safu nzima ikabaki tupu.

Dozi zikasimamishwa siku ileile. Bosi, Curtis, akatuita. Nikakiri kosa la namba.

"Hilo humpata yeyote," akasema. "Ndiyo maana kuna mtu wa pili. Lorna, ulinakili?"

"Nilinakili."

"Na hukuona kwamba safu nzima ni tupu?"

Lorna akanitazama. Muda mrefu, jamani.

"Sikuona," akasema.

Nami nikanyamaza. Nikatazama viatu vyangu kama mwizi. Akafukuzwa kazi palepale.

Jumamosi nikaenda kwake na keki.

"Asante kwa kunifichia, dada."

"Kukufichia?" Hakuipokea keki. "Kaka, nilikuachia nafasi useme mwenyewe. Nilikusubiri mpaka nafika kwenye gari na boksi la vitu vyangu."

Akafunga mlango.

Jumatatu nikamweleza Curtis kila kitu. Nikafukuzwa, haki yangu. Lorna akaombwa arudi, akakataa. Yule mzee anatembea na fimbo hadi leo.

Wewe unayesoma, ukikuta mahali patupu, uliza kwanza kwa nini pako tupu. Na mwenzako akiuliza kabla yako, usimnyamazishe.