Viatu Vilivyomganda Fundi

Baba yangu ni fundi viatu, na hajawahi kupita mbele ya duka bila kuwasalimu waliomo. Akiitwa aangalie bidhaa, hata iwe kofia ya mtoto mchanga, atasimama, ataisifu, kisha ataomba radhi kwamba leo hanunui. Kwenda naye sokoni ni safari ya nusu siku. Simu nilimpa mimi, kwa hiyo lawama za yaliyofuata ni zangu.

Siku moja aliingia kwenye duka la mtandaoni kuangalia viatu vya kike. Vilikuwa vya kahawia, kisigino kifupi, namba thelathini na tisa. Alivibonyeza vikaingia kwenye kikapu, akaogopa, akazima simu. Tangu hapo vikamganda kama ruba. Akifungua picha za harusi ya binamu yangu, viatu hivi hapa. Akisoma habari za mpira, viatu. "Bado unafikiria?" tangazo lilimuuliza. "Vinakusubiri."

Nilimweleza kwamba hakuna mtu anayemuuliza. Ukiangalia kitu, duka linakutia alama, halafu linaulipa mtandao wa kijamii ukuoneshe kitu hicho hicho kila unapoufungua, mpaka ununue au uchoke. Ni mashine tu, nikasema. Baba akanitazama kwa huruma, kama mzazi aliyegundua kwamba malezi yalimshinda. Mtu akuulize mara tisa, usimjibu hata mara moja?

Nikamuuliza viatu ni vya nani. Akasema anasoma mshono. Uongo mtupu. Namba ile naijua: ni ya Mama Vifungo, mjane anayeuza nyuzi na vifungo ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha baba. Kisigino chake cha kushoto huisha upande wa nje, na baba amekitengeneza mara nyingi kuliko kilivyoharibika. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na ya mguu aijuaye ni fundi viatu.

Mama yangu alifariki miaka saba iliyopita. Nilitamani sana baba aseme lililo moyoni, maana iliniuma kumwona akila peke yake, redio ikimsemesha. Lakini huyu anayemjibu kila mtu duniani, mbele ya Mama Vifungo huulizia bei ya uzi tu. Uzi alionao unatosha kushonea viatu vya jeshi zima.

Tangazo la kumi lilimkuta kibandani, gundi vidoleni. Akajibu. Aliandika kwenye maoni chini yake, kwa heshima zote:

"Ndugu mwenye duka, salaam. Naona unavyohangaika kwa ajili yangu. Viatu ni vizuri, sividharau. Ni vya jirani yangu wa vifungo, ila sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba nataka kumuoa. Nivumilie kidogo."

Alidhani anaandika barua ya watu wawili. Mtandao, ambao kwa umbea unaushinda mtaa, ukawaonesha rafiki zake wote. Shangazi alinipigia, akacheka mpaka akakata simu bila kusema neno. Nilipofika kibandani, baba alikuwa anapigilia misumari kwenye soli ambayo haikuhitaji hata mmoja. Shangazi alikuwa amempigia na yeye. Baba aliniomba nifute yale maneno. Nilikubali, ingawa kusema kweli vidole vyangu havikuwa na haraka.

Kabla sijafuta, jibu likaingia. Baba akafumba macho, akaniambia nisome.

"Ndugu mwenye duka," nikasoma, "mwache jirani yangu apumzike. Mimi nimekubali. Ila siwezi kuolewa na fundi viatu nikiwa na viatu vya dukani. Anishonee mwenyewe. Namba anaijua."

Ng'ambo ya barabara, Mama Vifungo alikuwa ameinamia kopo, anapanga vifungo vilivyokwisha kupangwa. Baba akafuta gundi vidoleni, akachukua kipande cha ngozi ya kahawia. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja barabarani alipogeuka.

"Mshukuru mwenye duka," akaniagiza. "Mwambie tumepata."